Kobaye wa jikoni na kobaye wa labo: jibu kwa mwanafunzi wa Kadutu

Swali: "Jambo Dokta. Niko mwaka wa mwisho wa biomedikali hapa Bukavu, naishi Kadutu. Memuari yangu, yaani kazi ya kumaliza masomo, ni juu ya mti ambao mama mkubwa wangu wa Kabare anautumia kutibu homa na tumbo. Promota, mwalimu anayeniongoza, anataka nitafute DL50 kwa kobaye (simbilisi), yaani kipimo kinachoua nusu yao, na ameniambia ninunue sitini. Wiki jana tulionyeshwa namna ya kuwaua: pamba yenye etha ndani ya bokali, kobaye anaingizwa, kifuniko kinafungwa. Alikwangua kioo kwa muda mrefu. Nilitoka nje nikalia. Wenzangu walicheka, maana wanajua nimekula kobaye tangu utoto, kwetu wamejaa jikoni. Mmoja akasema: basi uwalilie na nyuki ambao mjomba wako anawachoma moto kila akivuna asali. Nikakosa la kujibu. Je, mimi ni mnafiki? Wajibu wetu kwa wanyama unaanzia wapi na unaishia wapi? Na wale kobaye watakaobaki wazima baada ya kazi, niwapeleke wapi?"

Mwanangu, wenzako wanahesabu kwamba kobaye ni kobaye, akifia jikoni au akifia labo. Hesabu hiyo ina kosa. Nitakuonyesha liko wapi, na nyuki wa mjomba wako watapata nafasi yao humo humo.

Tuanze na kobaye wa mama mkubwa. Wa aina hiyo ninawajua vizuri, mimi daktari wa mifugo niliyetibu kobaye wengi kuliko ng'ombe. Tangu vita vilipofagia ng'ombe na mbuzi wa milimani kwetu, watu walishika mnyama ambaye ukikimbia unamtia kikapuni. Minervali (karo) ya watoto wangapi imetoka kwa kobaye, Mungu ndiye anajua. Wanalala pembeni ya mafiga wakiota joto. Asubuhi mtoto akisukuma mlango na fungu la majani, kabla hajaliweka chini jiko zima linapiga filimbi. Kobaye anachagua jani analolitaka, anajificha nyuma ya mtungi akisikia mbwa, anamkimbia dume asiyemtaka. Anazaa, na watoto wake, tofauti na wale wa panya, wanatoka macho wazi na manyoya mwilini, kesho yake unawakuta wanatafuna majani pamoja na wakubwa. Hilo jiko si peponi: moshi upo, paka anavizia, ndugu wanapandana na ndugu mpaka kizazi kinadumaa. Halafu siku ya wageni inafika, mkono uliozoea unamkamata, na kabla hajajua kuna nini, kwisha.

Kobaye wa labo ni mnyama yule yule, lakini amekaa ndani ya kisanduku. Hachagui jani. Hana mtungi wa kujificha nyuma yake. Anakunywa maji ukikumbuka kumpa, anaona giza ukizima taa. Na zaidi ya hayo, maumivu atakayoyapata yameandaliwa kwa makusudi, kwa kipimo, na mtu anayeandika daftarini. Mama mkubwa alimnyang'anya kobaye mwisho wa maisha yake. Labo imemnyang'anya mwanzo, katikati na mwisho. Kadiri unavyomwondolea mnyama uwezo wa kujitafutia, ndivyo kazi ya kumtafutia inavyokuwa yako. Ndiyo kanuni yangu yote, sina nyingine, na nimeipata kwa aibu.

Nilikuwa msaidizi kijana, katika labo ambayo sitaitaja. Tulikuwa tunajaribu dawa ya majani, kama wewe. Kiangazi kilikuwa kikali na majani yalikuwa mbali, basi mkubwa wangu akasema tuwape chakula cha gunia, pumba na chembechembe zilizokaa stoo tangu sijui lini. Mimi nilifurahi, kazi imepungua. Wiki ya tatu, nikimnyanyua kobaye mmoja jike, alipiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia. Magoti yamevimba. Manyoya yamesimama kama ya kuku aliyelowa. Kesho yake wengine wanne hawakutaka kusogea, na mmoja alikuwa na damu kwenye fizi. Tulifurahi! Ndiyo, tulifurahi, maana tulidhani ni sumu ya mti wetu imeanza kuonekana, tukaandika "dalili za sumu, wiki ya 3". Ni mzee mmoja mfagiaji aliyetuambia, akiwa ameegemea ufagio wake, kwamba hata wale ambao hawakupewa dawa wana magoti mabaya.

Ilikuwa ni ukosefu wa vitamini C. Kobaye, kama wewe na mimi, mwili wake hauwezi kuitengeneza. Panya anaweza, mbwa anaweza, mbuzi anaweza, kobaye hawezi. Hilo lilijulikana zamani: mwaka 1907 watafiti wawili wa Norway, Holst na Frølich, waliwalisha kobaye nafaka peke yake wakaona wanapata ugonjwa ule ule wa mabaharia wa zamani, fizi kuoza na viungo kuvimba. Vitamini hiyo haikai ndani ya chakula cha gunia, inapotea kwa joto na kwa miezi. Mtoto wa Kabare asiyejua kusoma, anayekata matembele kila asubuhi, alikuwa anawatunza kobaye wake vizuri kuliko sisi wenye makoti meupe. Tulimfungia mnyama mahali ambapo hawezi kujitafutia jani, kisha jani lenyewe hatukumpa. Na jaribio lote lilikuwa takataka. Wale kobaye waliumia bure, kwa maana kamili ya neno bure: hakuna mgonjwa hata mmoja aliyefaidika.

Nakusimulia ili ujue kwamba sikuandikii nikiwa juu ya mlima. Na ukisoma makala ya dawa za mitishamba, uangalie kama wameandika kobaye walikula nini.

Sasa, je, kweli anaumia, au ni sisi tunamvisha hisia zetu? Mwanafalsafa Mfaransa Descartes, katika karne ya 17, alisema mnyama ni kama saa: mlio wake ni wa magurudumu. Baadhi ya wafuasi wake walipasua mbwa hai wakiwa na moyo mtulivu kwa sababu hiyo. Leo ni vigumu kumpata mtaalamu wa ubongo anayesema hivyo. Mwaka 2012, Cambridge, kundi la wanasayansi lilitia saini tamko kwamba mamalia na ndege wote, na hata pweza, wana vifaa vya ubongo vinavyoleta ufahamu. Sisi tuna msemo mfupi zaidi, adhabu ya kaburi aijua maiti, na msemo huo unatufundisha unyenyekevu: huwezi kuingia ndani ya kobaye. Unachoweza ni kumsoma. Naye ni mgumu kusoma, kwa sababu ni mnyama wa kuliwa na wengine. Akionyesha udhaifu mbele ya mwewe amekwisha. Kobaye mwenye maumivu mara nyingi hanyanyui sauti. Anakaa kimya, anajikunja, anaacha kula, macho yanafumba nusu. Kwa hiyo yule aliyekwangua kioo mbele yako alikuwa amepita mipaka yake yote ya kujificha. Ulisoma sawasawa.

Lugha yetu nayo inatukamata. Kiswahili kinamweka kobaye, na nyuki, na kunguni, katika ngeli moja na mtu: huyu amekufa, wale wamekimbia. Lakini sisi wa Kivu tunasema "nyama" kwa yule anayetembea msituni na kwa kile kilicho ndani ya sufuria, neno moja. Na Kifaransa cha shuleni kinamwita yeyote anayejaribiwa "kobaye", hata akiwa ni binadamu. Mara nyingi mtu anakuwa ameshaamua jambo kabla hajafikiri, kwa jina tu.

Tuje kwenye memuari yako, maana huko ndiko unaweza kubadilisha kitu wiki hii.

DL50, kipimo cha dawa kinachoua nusu ya wanyama, kilibuniwa mwaka 1927 na Mwingereza aitwaye Trevan. Kilikuwa na sababu yake: dawa kama dijitali (dawa ya moyo) na insulini zilikuwa zinatoka kiwandani na nguvu tofauti kila safari, na ilihitajika njia ya kuzilinganisha. Baadaye kikawa desturi, kila kitu kinapimwa DL50, hata rangi ya mdomo. Lakini OECD, shirika la nchi zilizoendelea, ambalo miongozo yake ya kupima sumu ndiyo inayofuatwa na wengi, lilifuta mwongozo wa DL50 ya zamani mwaka 2002. Ulifutwa kwa sababu unaua wanyama wengi mahali ambapo wachache wangetosha. Na namba yenyewe haimsaidii mama mkubwa. Mama mkubwa anataka kujua kikombe kimoja au viwili kwa mtoto wa miaka mitano, na kama mama mjamzito akae mbali nao. Kujua kiasi kinachoua kobaye thelathini kati ya sitini hakumjibu.

Palepale OECD iliacha njia nyingine tatu. Mojawapo inaanza na wanyama watatu tu kwa kipimo kimoja, unangoja, unaangalia, ndipo unaamua kupanda au kushuka. Nyingine inampa mnyama mmoja, kisha mwingine. Miongozo hiyo imeandikwa kwa ajili ya panya, majike kwa kawaida, kwa hiyo muulize promota kwa nini kobaye. Kama jibu ni "kwa sababu wanapatikana sokoni Kadutu", basi ni jibu la bei, na bei ni jambo la kweli, lakini litamkwe wazi. Na kabla ya mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo, kuna vijidudu vya maji ya chumvi, jamii ya kamba, vinavyoitwa artemia, ambavyo mayai yake yanauzwa makavu na yanaanguliwa kwa siku moja au mbili. Labo nyingi maskini zinavitumia kuona kama mti una sumu kali. Ukiona vyote vimekufa kwa tone dogo, umeshajua la kumwambia mama mkubwa bila kununua kobaye hata mmoja.

Mawazo haya yana umri. Waingereza wawili, Russell na Burch, waliyaandika mwaka 1959: badilisha mnyama kwa kitu kingine ikiwezekana, kama haiwezekani punguza idadi, na wale waliobaki, punguza maumivu yao. Watu wanakariri hayo matatu kama rozari. Mimi naongeza onyo juu ya lile la pili, kwa sababu nimeona vijana wenye huruma wakiharibikiwa hapo. Kupunguza hakumaanishi kuchukua wachache kupita kiasi. Ukitumia kobaye watatu mahali ambapo swali linahitaji kumi, umepoteza watatu. Nenda kwa mtu wa takwimu kabla ya kwenda sokoni.

Kuhusu ile bokali: etha inachoma pua na koo, mnyama anapigana nayo mpaka mwisho, halafu ni mvuke unaoshika moto, siku moja mtawasha labo. Msikimbilie kloroformu pia, inakula ini la yule anayeifungua. Dawa ya usingizi ya sindano, kwa kipimo cha kupitiliza, ndiyo njia ya kwanza ikipatikana. Isipopatikana, mkono wa mtu aliyezoea kweli ni mwepesi kuliko bokali yoyote, lakini mkono huo haujifunzi kwa mnyama hai. Unajifunza kwa aliyekwisha kufa, mara nyingi, mbele ya anayejua. Na mshike kila siku kabla ya siku ya kazi, kiganja kimoja chini ya kifua, kingine chini ya makalio, ili akuzoee. Watafiti wa Liverpool walionyesha mwaka 2010 kwamba panya mdogo akinyanyuliwa kwa mkia anaishi katika hofu, na akinyanyuliwa ndani ya bomba au kiganjani hofu inashuka sana. Ni kitu kidogo, hakina gharama, na vipimo vyako vitakuwa safi zaidi.

Ukienda kwa promota, usiende na machozi, nenda na karatasi. Mwonyeshe bei ya kobaye sitini na bei ya kumi. Mwambie kwamba majarida mengi hayapokei tena makala isiyo na kibali cha kamati ya maadili, na kwamba wewe unataka kazi yenu ichapishwe na jina lake likiwemo. Mzee wa watu hatakataa. Wengi wao wanafundisha kile walichofundishwa, na wao pia walikuwa na siku yao ya kutoka nje.

Kuna wasomaji watakaoniuliza: basi kwa nini usimwambie aache kabisa? Kwa sababu mimi niliwahi kunyoosha mkono wangu nikachanjwa. Mwaka 2018 Ebola ilipoingia Kivu ya Kaskazini na Ituri, na mwaka 2019 ikafika mpaka Mwenga kwetu Kivu ya Kusini, zaidi ya watu laki tatu walipata chanjo kabla ugonjwa haujaisha katikati ya 2020. Chanjo hiyo ilijulikana kuwa inakinga kwa sababu ya nyani aina ya makaki. Mwaka 2005 watafiti walichapisha kwamba waliochanjwa walipewa virusi na wakapona; wale ambao hawakupewa chanjo hiyo, waliowekwa ili kulinganisha, walikufa kwa Ebola. Mtu anayejua kifo cha Ebola anajua nimeandika nini hapo. Siwezi kusema nyani wale hawakudhulumiwa. Siwezi pia kusema ningependelea wasingetumika, halafu nimtazame muuguzi wa Beni usoni. Yote mawili nayabeba, na sijapata namna ya kuyapatanisha vizuri kuliko hivi: hapakuwa na njia nyingine wakati ule, swali lilikuwa la maisha na kifo, na jibu lilifika kwa watu waliolihitaji. DL50 yako haina hata moja kati ya hayo.

Na nchi yetu ina historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kambi ya Lindi, karibu na Stanleyville ambayo leo ni Kisangani, sokwe mamia walikamatwa msituni wakafungwa kwa ajili ya kazi ya chanjo ya polio. Polio ilikuwa inapooza watoto, sawa. Lakini hesabu ya kambi ile ilikuwa ya upande mmoja tu, maana sokwe alionekana kama shamba lisilo na mwenyewe. Marekani ndiyo ilichelewa kuliko wengi kuacha: mwaka 2015 taasisi yake kuu ya utafiti wa afya ilitangaza kwamba sokwe wake wote wanastaafu.

Sisi tuna wetu wanaostaafu, na hawajawahi kufanya kazi ya labo. Panda gari la Kavumu uende mpaka Lwiro. Pale kwenye majengo ya kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuna makao ya sokwe yatima, wale tunaowaita sokomutu, na leo wamepita mia. Kila mmoja ana historia moja: mama aliuawa kwa nyama, mtoto akauzwa, akakamatwa mikononi mwa mtu mjini. Sokwe ananyonya miaka minne au mitano. Akitunzwa anaweza kufika miaka hamsini. Sasa piga hesabu kwa kanuni ile ile. Risasi moja imemwondolea mama, msitu, na shule yote ya kujua tunda lipi linaliwa. Nani atamlisha hiyo miaka hamsini? Sisi. Ndoo kwa ndoo, ndizi na miwa, kila siku, hata siku ambazo watu wenyewe hawana bukari (ugali). Nimewasikia watu wa kule Miti, karibu na Lwiro, wakilalamika juu ya hizo ndizi, na sikuwalaumu. Lakini ndizi hizo ni deni, na deni hilo lilianza siku ile mtu alipofyatua. Kasuku wa kijivu anayeuzwa ndani ya kikapu njiani ni mkopo wa namna hiyo hiyo, na tangu 2017 kumwuza kibiashara nje ya nchi kumekatazwa na CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambao Kongo ilishajiunga nao.

Kwa mnyama aliye msituni, asiyefungwa na mtu, wajibu wetu ni mwepesi kuliko wote na unatushinda kuliko wote: tumwache, na tumwachie pake. Hatudaiwi kumlisha gorila wa Kahuzi wala kumtibu mafua. Tunadaiwa mlima. Lakini hapo napenda tuseme ukweli juu ya nani alilipa. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilitangazwa 1970 na kupanuliwa 1975, na ndugu zetu Wambuti, au Batwa kama wanavyoitwa zaidi huku, waliokuwa wakiishi humo kwa maelfu walitolewa bila kulipwa kitu. Mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa 2024, ikasema serikali iliwavunjia haki. Mtu aliyekula gorila kidogo kuliko wote ndiye aliyeandikiwa bili. Siwaamini watu wanaozungumza upole kwa wanyama bila kusema neno juu ya hilo.

Nyuki, sasa. Mwenzako alidhani amekufunga mdomo.

Nyuki wa mjomba wako hajafungwa. Mzinga umening'inizwa, yeye akaja mwenyewe. Akichukia ataondoka, nyuki wetu wa Afrika wanahama kwa sababu ndogo sana. Kwa hiyo mjomba si mlinzi wa jela. Ni kama mgeni anayeingia nyumbani kwa watu kuchukua akiba yao. Mgeni huyo hadaiwi kuwalisha. Anadaiwa asiwachome, asitupe watoto, na awaachie kitu cha kula mvua ikikaza wasiweze kutoka. Mwenge wa majani makavu ya mgomba hauchukui asali tu, unakausha kabila zima, na mwaka unaofuata mjomba analalamika mizinga mitupu. Atafute kopo la maziwa ya unga, atoboe, aweke ndani mavi makavu ya ng'ombe au magunia yaliyooza, apulize moshi baridi. Nyuki wakisikia moshi wanadhani nyumba inaungua, wanajaza matumbo asali, na aliyeshiba hapendi kupigana. Moshi huo pia unafunika harufu wanayoitoa kuitana vitani. Kwenye mzinga wa gogo watoto wanakaa karibu na mlango, asali iko nyuma. Afungue nyuma, akate masega yenye asali iliyofunikwa, akikuta sega lenye watoto arudi. Nimefundisha hivyo kwa wazee wenye umri wa baba yangu, na walichonishukuru zaidi ni kwamba asali haina tena harufu ya majivu.

Je, nyuki anahisi? Siwezi kuapa kwa kobaye na kwa nyuki kwa mkono mmoja. Lakini mwaka 2011 huko Newcastle walitikisa nyuki kama mzinga unavyotikiswa na mnyama mwizi, kisha wakawapa harufu ya katikati, isiyojulikana kama ni tamu au chungu. Waliotikiswa walikataa kuonja zaidi ya wengine, kama mtu aliyeamka na siku mbaya. Na mwaka 2022, London, nyuki wanene wenye manyoya walionekana wakiviringisha vimpira vidogo bila kulipwa sukari, wakirudi tena na tena. Mimi hiyo inanitosha kwa kuzima mwenge, kwa sababu kuuzima hakunigharimu kitu.

Watu wa miradi wanapokuja kututetea nyuki wanaleta hoja ya chakula, kwamba aina tatu kati ya nne za mazao ya dunia zinamhitaji mchavushaji kwa kiasi fulani. Ni kweli. Nenda shambani saa kumi na mbili asubuhi ukaone ua la boga limefunguka, la dume mbali na la jike, na kabla ya saa sita yamefunga; mdudu asipopita hakuna boga, utakula majani peke yake. Marakuja nayo inangoja wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa, wale tunaowaziba kwa udongo na petroli. Waachieni nguzo moja kavu mwisho wa shamba. Na dawa ya nyanya inyunyizwe jioni nyuki wakishalala. Lakini hoja hiyo ina tundu. Muhogo tunapanda kijiti, ndizi tunapanda chipukizi, bukari na kitoke havimhitaji nyuki hata kidogo. Kama sababu pekee ya kumheshimu ni sahani, basi yule anayehudumia maua ya msituni yasiyoliwa na mtu hana wakili. Naye hajachukua chochote kwetu. Sisi ndio tuliokata mti wake kwa ajili ya makaa.

Mjomba huyo huyo akisema, kama wengi wanavyosema, kwamba Mungu alitupa utawala, mfungulie Mithali 12:10, mwenye haki anaujali uhai wa mnyama wake. Usibishane zaidi ya hapo, ni mjomba.

Umebaki na swali la kobaye watakaosalia. Waliopewa dawa yako hawaendi jikoni kwa mtu, hata wakionekana wazima. Nyama yao haijulikani ina nini, na njaa ya Bukavu usiijaribu. Wale wa kulinganisha, waliopewa maji tu, omba kwa maandishi wapewe mtu wa kuwafuga. Mkubwa wa labo akikubali, mpelekee mama mkubwa majike, damu mpya itamsaidia kuondoa ule udumavu. Lakini usiwaweke pamoja na wake siku hiyo hiyo. Wiki mbili kwenye kona yao, kikapu chao, maji yao, uangalie kama kuna anayekohoa au mwenye upele nyuma ya masikio. Wamezoea chakula cha kisanduku, kwa hiyo majani uwape kidogo kidogo wasije wakavimba tumbo, uanze na matembele yaliyokauka umande. Na uwawekee mtungi uliopasuka, ulale ubavu. Siku ya kwanza hawatatoka humo. Siku ya tatu utawasikia.